Kijibwa cha mapajani au jibwa la lindo: mama anahamia Garissa

Barua iliyo mezani pangu juma hili imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi. Ni ndefu, kurasa nne kamili, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kwa ufupi anasema hivi: mumewe, mfanyakazi wa serikali, amepewa uhamisho kwenda Garissa, na safari hii wamekata shauri kuhama familia nzima badala ya baba kukaa kule peke yake na mama kubaki huku na watoto. Watoto wenyewe ni watatu. Kifungua mimba, msichana wa miaka tisa, hataki kuhama. Analia usiku, anawataja rafiki zake mmoja mmoja. Ili kumbembeleza, mama amemwahidi kijibwa, vile vidogo vinavyoweza kuingia katika mkoba, kama alichokiona kwa rafiki yake wa shule. Tangu hapo mtoto hazungumzi jambo lingine.

Baba naye aliposikia neno mbwa alifurahi, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Yeye anataka German Shepherd, dume, lililokwisha kukomaa. Kazi yake itamlazimu kulala nje mara mbili au tatu kwa juma, na hapendi kumwacha mkewe na watoto bila mlinzi katika mji asioujua.

"Wawili hatutaweza kuwalisha," anaandika mama. "Tumchukue yupi? Na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe naogopa mbwa."

Sentensi hiyo ya mwisho ameiandika kwa kalamu ya rangi nyingine, kana kwamba aliiongeza baadaye, bahasha ikiwa karibu kufungwa. Nitairudia, maana kwangu mimi ndiyo barua yenyewe.

Msomaji mpenzi, Garissa naijua kidogo. Niliishi huko miaka sita nikifundisha. Nilifika nikiwa kijana mwenye sanduku moja na mbwa mmoja, na ni huyo mbwa aliyenifundisha ujirani. Jina lake lilikuwa Simba, ingawa alikuwa koko mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa. Nilipanga nyumba katika bula mojawapo (huko mtaa huitwa bula), na mlango wangu ulitazamana na mlango wa mama mmoja mzee wa Kisomali ambaye watoto wote wa hapo walimwita ayeeyo, yaani nyanya. Kila alasiri ayeeyo aliweka ndoo ya maji kando ya mlango wake kwa ajili ya udhu. Siku ya tatu tangu nifike, Simba, ambaye alikuwa na kiu kama sisi sote, alitia mdomo katika ile ndoo akanywa hadi akatosheka.

Nilipotoka nilimkuta ayeeyo amesimama, hasemi neno. Hakunitukana wala hakumrushia mbwa jiwe. Aliyamwaga maji, akachota udongo, akaisugua ndoo kwa udongo na maji, akaisuuza. Kisha akaisuuza tena, na tena, hadi zikatimia mara saba. Maji hayo yalikuwa ya kununuliwa kutoka kwa mkokoteni wa punda. Mimi nilisimama pale nikihesabu, na kila hesabu ilinipunguza kimo. Alipomaliza akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mbwa wako hana kosa. Yeye hajui. Wewe unajua?"

Sikujua. Nilikuwa na shahada lakini hilo sikulijua.

Wasomali wa Kaskazini Mashariki, kama walivyo Waswahili wengi wa pwani yetu, hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nguo yakiigusa mate hayo haiswaliwi hadi itoharishwe. Wafuasi wa Imamu Malik hawakazi jambo hili kiasi hicho, lakini ukihamia Garissa unahamia kwa Mashafii, na mgeni hubeba ada za mwenyeji.

Hata hivyo, sisi tunaotoka huku (watu wa kule wakisafiri kuja Nairobi husema wanakwenda Kenya, nami sikuwahi kujua kama ni mzaha au malalamiko) tuna makosa yetu. Twadhani Mwislamu humchukia mbwa. Sivyo. Katika Sura ya Al-Kahf, vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini. Katika Sura ya Al-Maida, windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa laruhusiwa kuliwa. Na katika mafunzo ya Mtume imo habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteremka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa anakufa kwa kiu. Kinachokatazwa ni kufuga mbwa asiye na shughuli. Wa mifugo anaruhusiwa, wa kuwinda anaruhusiwa, wa shamba anaruhusiwa. Anayemweka mbwa bila mojawapo ya sababu hizo hupungukiwa thawabu kila siku. Wanazuoni wengi wamekisia hapo wakamruhusu na mbwa wa kulinda nyumba, ila akae nje, maana nyumba yenye mbwa ndani malaika hawaingii.

Kwa hiyo, dada yangu wa Buruburu, swali ambalo jirani yako mpya atajiuliza, hata asipolitamka, halihusu ukubwa wa mbwa wako. Atajiuliza: anafanya kazi gani?

Hapo kijibwa cha mapajani hakina jibu. Hakilindi zizi, hakiwindi, na shughuli yake yote ni kupakatwa. Tena kinapakatwa ndani, juu ya kochi, kikilamba mikono ya binti yako, na binti huyo huyo jioni atataka kwenda kucheza kwa jirani, ashike sahani yao, akalie mkeka wao. Watoto wa huko hufunzwa jambo hili wakiwa wadogo sana. Hawatamchokoza mwanao, lakini watamkwepa, naye hatajua ni kwa nini. Mtoto anayehama akiwalilia rafiki zake, halafu umpe kitu kitakachomzuia kupata wengine? Mimi hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya yote kuhusu kijibwa.

Baba amepata bao moja, basi. Lakini asishangilie upesi.

Mji wa Garissa uko ng'ambo ya Mto Tana ukitokea Nairobi, kiasi cha kilomita 370 kupitia Thika na Mwingi. Ukipita Madogo ukavuka daraja, umefika. Uko chini sana, kama mita 150 tu kutoka usawa wa bahari, na jua lake si la mzaha. Nyuzi 35 mchana ni jambo la kawaida. Sasa, mbwa hatoki jasho mwilini kama wewe na mimi. Hutoka jasho kidogo tu nyayoni. Joto lililobaki hulitoa kwa kuhema huku ulimi ukining'inia. German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili, la nje refu na la ndani kama sufi. Mbwa huyu alianza kusajiliwa kama aina maalumu huko Ujerumani mwaka 1899, na mwanajeshi aliyeitwa Max von Stephanitz, kwa ajili ya kuchunga kondoo katika nchi yenye theluji. Na mwili mkubwa hukawia kupoa, kama sufuria kubwa ya uji inavyokawia kupoa kuliko kikombe. Mbwa wa kilo 35 hunywa maji yapatayo lita mbili kwa siku akiwa mahali pa baridi ya wastani, na Garissa atataka zaidi. Hesabu mitungi hiyo kwa mwezi, kisha ukumbuke kwamba eneo hilo lilipita katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ambao uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini. Majirani wako wengi wana jamaa zao waliozika mali yao yote katika ukame huo. Kumwagia jibwa maji mbele yao ni jambo la kufikiriwa.

Mchanga wenyewe saa saba mchana huunguza nyayo. Mbwa wa Garissa hutembezwa alfajiri na baada ya magharibi, basi. Nani atamtembeza zile siku baba hayupo? Unaona ninakoelekea.

Katika suala la joto, kijibwa chenye manyoya mafupi kina nafuu. Chihuahua, kwa mfano, asili yake ni Mexico, hana koti zito, na uzito wake hauzidi kilo tatu hivi. Glasi moja ya maji yamtosha siku nzima. Usidanganyike, hata hivyo, ukadhani kila kidogo huvumilia. Wale wenye pua iliyobonyea, kama Pekingese na pug, huhema kwa taabu hata Limuru, seuze Garissa. Na hivi vyeupe vya manyoya ya pamba vinavyopendwa siku hizi mitaani Nairobi, sijui utavioga mara ngapi katika vumbi lile jekundu.

Halafu kuna udogo wenyewe. Umemwona digidigi? Ni paa mdogo kabisa wa vichaka vya huko, kilo tatu hadi sita. Tai wakubwa humchukua. Basi kijibwa chako ni chepesi kuliko digidigi, tena hakina mbio zake wala akili yake ya kujificha. Mtoto mchanga zaidi katika nyumba yako akimdondosha kutoka kitini, mguu umevunjika. Watoto wa mbwa hawa wakikosa mlo au miwili sukari mwilini hushuka wakaanguka. Si mnyama wa kumwachia mtoto wa miaka tisa kisha ukasema, "Ni wako, mtunze." Atakayemtunza ni wewe. Na huishi miaka 14 au zaidi. Binti yako atakuwa amemaliza chuo kikuu na kijibwa kingali sebuleni kwako.

Nirudi kwa jibwa la baba, kwa kuwa hapa nina ya kusema mengi.

Watu wengi hununua mbwa mkubwa kama wanunuavyo kufuli: unalipa, unafunga, unalala. Mbwa si kufuli. Mbwa aliyekomaa amekwisha kufunzwa na mtu, kwa sauti ya mtu huyo, na heshima yake aliitoa kwake. Ukimleta nyumbani atamchagua mmoja wenu ampe heshima hiyo, aghalabu yule anayempa amri bila kutetemeka. Katika nyumba hii, huyo ni baba. Na zile siku baba anapolala nje, ambazo ndizo siku mbwa alizonunuliwa, anayebaki kumfungulia, kumlisha na kumwita arudi ni mama, mama ambaye ameniandikia kwa kalamu ya rangi nyingine kwamba anaogopa mbwa. Mbwa hunusa hofu hiyo na kuisoma katika namna unavyosimama. Basi huyo mlinzi atakuwa anamlinda nani, na mama atajilinda na nani?

Wataalamu wanaotengeneza mbwa wa kazi hawafanyi hivyo kamwe. Huko Namibia shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, tangu mwaka 1994 limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki ili wachunge mbuzi, wakulima wasilazimike kuwapiga duma risasi. Mbwa hao ni wakubwa kweli, wengine hupita kilo 50. Lakini hawatolewi wakiwa wakubwa. Hupelekwa zizini wakiwa na majuma machache, walale na mbuzi, wanuke mbuzi, wakue wakidhani mbuzi ni ndugu zao. Na kazi yao kubwa wala si kupigana. Ni kusimama kati ya kundi na adui wakabweka kwa nguvu, na adui akaona heri aende kwingine.

Wafugaji wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hawakutegemea njia hiyo hata kidogo. Adui wao wa usiku ni fisi, waraabe kwa Kisomali, nao humzuia kwa zizi la miiba lililosongamana, kwa moto, na kwa mtu anayelala macho moja wazi. Wako wenye mbwa malishoni, nimewaona. Ni wembamba, wenye manyoya mafupi, masikio wima, wa kimo cha kati. Si warembo. Lakini joto hawaliogopi, kiu wanaivumilia, na ile homa ya kupe inayowaangusha mbwa wa kizungu kwa siku chache, wao wengi hupita nayo.

Tena sikio la mwizi halipimi kilo. Anachoogopa ni kelele, taa kuwaka, majirani kuamka. Mbwa wa kilo 15 anayebweka kwa wakati unaofaa, na kunyamaza kwa wakati unaofaa, amemaliza kazi. Ukidhani nasema haya kwa kuwapenda koko tu, tazama ndugu zetu wa Morogoro. Pale, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Panya! Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alipelekwa Cambodia akagundua mabomu zaidi ya 70 ya ardhini, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Uzito wake ulikuwa kilo moja na kitu. Hakununuliwa kwa kimo.

Jambo jingine kuhusu bula za Garissa ni kwamba malango hayafungwi sana mchana. Watoto huingia na kutoka, na mbuzi pia. Mbuzi wa mjini huzurura njiani wakila maganda na makaratasi, kila mmoja ana mwenyewe, na mwenyewe anamjua kwa sura. Jibwa lisilozoea mbuzi likimrarua mmoja, ndipo utakapogundua kwamba mbuzi aliyekufa ni bora kuliko mbuzi wote walio hai: alikuwa na mimba, tena ya mapacha, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakiwalea mayatima. Mwenzangu shuleni aliwahi kulipa. Sitasema ni kiasi gani, mkewe husoma gazeti hili.

Mtoto akiumwa, hayo si ya kucheka tena.

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, tiba hakuna. Daktari atakaa nawe tu. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na ni ya hakika, na imekuwapo tangu Louis Pasteur alipomchanja mvulana wa kwanza mwaka 1885. Kidonda huoshwa pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kungoja baba arudi, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na chanjo zote zikamilishwe hata kama kidonda kimepona. Nchi yetu ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo 2030. Sehemu kubwa ya mpango huo ni kuchanja mbwa saba kati ya kila kumi, mwaka baada ya mwaka. Mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kijibwa pia. Nimesikia mabibi Nairobi wakisema, "Hiki changu hakitoki nje, cha nini kukichoma sindano?" Kichaa hakiulizi kilo. Kwa hiyo mchanjeni mbwa wenu, yeyote awaye, kabla ya safari, mpewe cheti, na cheti hicho mkiweke pamoja na vyeti vya watoto.

Na mumzoeshe dawa ya minyoo. Garissa ni mji wa mifugo, soko lake la ng'ombe, mbuzi na ngamia ni miongoni mwa makubwa nchini, na palipo na machinjo pana matumbo na maini yaliyotupwa. Ni rahisi kumlisha mbwa kwa hayo, tena bure. Tafadhali msifanye hivyo yakiwa mabichi. Kule Turkana, upande wa pili wa kaskazini yetu, madaktari walikuta ugonjwa uitwao haidatidi kwa wingi uliokuwa miongoni mwa mkubwa kabisa duniani, hata AMREF ikaanzisha mpango wa kuupunguza mwaka 1983. Mbwa hula ini la mbuzi lenye mafuko ya maji, minyoo midogo hukua tumboni mwake, mayai yake hutoka na kinyesi na kushika manyoya na ulimi. Kina mama wa huko walimtumia mbwa kama yaya, kumlamba mtoto mchanga akijichafua. Mtoto huyo hukua, na miaka mingi baadaye tumbo linavimba: mafuko yale yale yamo ndani ya ini lake, ya kutolewa kwa kisu. Ulimi wa mbwa usoni mwa mtoto si busu, jamani, hata awe mbwa wa mkoba. Hapo ayeeyo na daktari wangekubaliana bila kukutana.

Sasa nikate maneno, kwa kuwa mama hakuniandikia nimpe historia.

German Shepherd aliyekomaa, hapana. Si kwa sababu ni mbwa mbaya. Ni mbwa mwema aliyekosewa nyumba. Angefaa kama baba angekuwa analala nyumbani kila siku, kama kungekuwa na ua mpana wenye kivuli, na kama mama asingekuwa na hofu. Baba asome mstari huu mara mbili: ulinzi wa familia usiku ambao hayupo ni nyumba yenye mlango imara iliyo kati ya majirani, na majirani wanaomjua mkewe kwa jina. Aanze na hao. Awapelekee salamu kabla hajapeleka mbwa.

Kijibwa cha mkoba, hapana pia, walau kwa sasa. Najua kuna ahadi. Nitaifikia.

Ningekuwa ni mimi ningehama bila mbwa. Ningekaa miezi mitatu hivi, niwajue watu, nione nyumba yenyewe ina kivuli wapi na lango la aina gani. Halafu kama bado twataka, ningetafuta mtoto wa mbwa wa kienyeji, wa majuma manane, mwenye manyoya mafupi, kutoka kwa mtu ambaye nimemwona mama yake akiwa mtulivu mbele ya watoto. Njiani Mwingi hawakosekani, Wakamba ni wafugaji wa mbwa wa tangu jadi. Ningemjengea kibanda nje, nyuma ya nyumba, mbali na njia ya wanaokwenda msikitini. Chombo chake cha maji kiwe chake peke yake na kijazwe kila asubuhi, maana mbwa mwenye maji kwake hatatafuta ndoo ya jirani. Ningewaambia majirani mapema: "Ni wa kulinda, haingii ndani." Utashangaa jinsi sentensi hiyo inavyofungua nyuso.

Na mama amlishe yeye, kwa mkono wake mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Kitoto cha mbwa cha majuma manane hakimtishi mtu. Kitakua polepole, na hofu ya mama itapata muda wa kupungua kadiri kinavyokua, hadi siku moja atajikuta anamkemea mbwa mkubwa naye anainamisha masikio. Hayo siyasemi kwa kitabu. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo.

Binti je? Usimwambie umesahau. Miaka tisa si mtoto wa kudanganywa. Mkalishe umweleze kama nilivyokueleza wewe, habari za ndoo na zote. Kisha mwambie kuna mnyama ambaye katika Garissa yote anaruhusiwa kulala kitandani, kupanda mkekani, hata kupita mbele ya anayeswali, na mate yake hayaharibu udhu wa mtu: paka. Mtume mwenyewe amesimulia kwamba paka si najisi, kwamba ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Kwa Kisomali huitwa bisad, na karibu kila nyumba yenye nafaka inaye. Mtoto wa jirani anayekuja kumwona paka wako hutazamwa vizuri na mama yake. Binti anaweza kupata rafiki wawili kwa pamoja, mmoja mwenye mkia. Akikataa, akasema lazima mbwa, basi yule mdogo wa nje ampe jina yeye, amfunze kukaa na kungoja yeye, kila jioni jua likipungua. Kumpakata si lazima ili awe wake.

Umeniuliza mwishoni, mama, ikiwa watu wa Garissa watawatazama vibaya kwa kuwa na mbwa. Nitakujibu kwa jambo moja. Mwaka wa pili nilirudi nyumbani likizo ya Desemba, nikamwachia kijana mmoja Simba amlishe. Kijana alipata kibarua Dadaab akaondoka bila kunijulisha. Niliporejea Januari, moyo ukinidunda, nilimkuta Simba nyuma ya nyumba, amekonda kidogo, mzima. Karai lake lilikuwa limejaa maji. Kando yake, juu ya ukuta, kulikuwa na kopo lililofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, kama upawa. Nilimuuliza ayeeyo. Alisema hajui lolote kuhusu kopo hilo, akaingia ndani kuswali alasiri.